Posa ya Miguu ya Zephania

Miguu ya Zephania ilikuja kuposwa Jumapili moja ya baridi, mwaka wa sabini na nne, pale Vårby gård, kitongoji kimoja cha Uswidi, shangazi yake Domina akiwa bado na unga mikononi.

Mposaji alikuwa Njoroge, Mkenya mwenye kofia ya manyoya, wakala wa kuzitafutia kampuni za viatu vijana wenye mbio. Alivua viatu mlangoni kama ilivyo desturi ya Uswidi, na kidole gumba kikachungulia kwenye tundu la soksi. Domina alikiona, akamkaribisha kiti. Mgeni haanzwi miguuni.

"Mama, mimi sina maneno mengi," Njoroge alisema, akitua bahasha nene mezani. "Zephania avae viatu vyetu, achukue hii, na hakuna mtu atajua."

Zephania akaikodolea macho bahasha. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, na pale chuoni hakuna aliyemfikia kwa mbio. Lakini siku zile mwanariadha wa chuo akibainika amepokea pesa, basi tena: mashindano ya wanafunzi hakimbii, na jezi ya Tanzania, ile aliyokuwa akiiota kila siku, haivai ng'o. Ila bahasha nayo ilikuwa imenona! Akamgeukia mgeni.

"Muulize shangazi. Hapa ndiye mzazi wangu."

Njoroge akafurahi, maskini, akadhani ameonyeshwa njia ya mkato.

Domina akafuta mikono. "Umekuja peke yako, baba? Mshenga wako yuko wapi?"

"Mshenga wa nini? Mama, hii ni biashara!"

"Posa nayo ni biashara, ila sisi huifunika kwa vigelegele. Haya, kitendawili!"

"Tega," Njoroge akajibu kwa unyonge.

"Akiwa mzima wanamgombania, akichechemea hawamjui."

"Ni… gari?"

"Nipe mji."

"Chukua Nairobi, mama."

"Nimeipokea. Sasa niambie, mchumba huyu akiumia goti kwenye barafu, uji utampikia wewe?"

Njoroge akashtuka. "Goti? Kwani goti linamuuma?"

Domina akamimina chai, taratibu, kikombe kikajaa pomoni.

Mkono wa Njoroge ukatambaa mezani kama kaa, ukaivuta bahasha kurudi kwao. Zephania akauona. Ile tamaa ikamtoka, kicheko kikamjia. Akainuka kwenda jikoni kuleta maandazi, akichechemea mguu wa kulia. Akarudi akichechemea wa kushoto.

"Yote mawili!" Njoroge akalia. Bahasha ikazama mfukoni, viatu vikavaliwa bila kufungwa, na mtu akaondoka hata chai hajaionja.

"Ameacha kofia," Domina alisema. "Kofia ya watu hiyo, mpelekee."

Kituoni, milango ya treni ilikuwa ikianza kufungwa pale mkono ulipopenya na kofia. Zephania hata hakuhema.

"Wewe! Na magoti je?"

"Shangazi hakusema yanauma, kaka. Aliuliza tu."

Mlango ukajifunga. Nyuma ya kioo Njoroge alionekana akijipiga paji la uso, mdomo ukichezacheza.

"Amekitegua kitendawili?" Domina aliuliza kijana aliporudi.

"Nadhani, shangazi. Ila treni ilikuwa imeshaondoka naye."

"Basi Nairobi ni yetu." Akamsogezea sahani. "Kula. Nawe mkono wako niliuona, ulikuwa umeshafika nusu ya meza kuifuata bahasha."