Spana Namba Kumi

Majirani walimwita Injinia, naye hakuwahi kuuliza kwa nini walicheka kila walipomwita. Alikuwa na sanduku la spana linalong'aa, na kila alichokifungua alikifunga, zikabaki nati mbili tatu. "Za ziada hizo," angesema. "Kiwandani huweka nyingi." Akishatoka, mkewe aliziokota, akazirudisha mahali pake. Ndiyo maana pampu ya dizeli ya shamba bado ilivuta maji, na Injinia bado alikuwa na jina.

Sasa walikuwa kwenye yadi ya matrekta madogo, mvua ikikaribia, na uwezo wao ulikuwa wa trekta moja tu. Fundi wa karibu zaidi alikuwa mwendo wa siku nzima kutoka shambani kwao. Trekta likigoma wakati wa kulima, mwaka umekwenda na maji.

Injinia alinyooka hadi kwenye lile jekundu, lenye kioo kama cha simu na vitufe visivyohesabika.

"Hili likiumwa linajieleza lenyewe," akamwambia mkewe.

"Linamweleza nani, baba watoto?"

"Mimi."

Mkewe akalitazama lile trekta kwa huruma.

Muuzaji, mama wa makamo aliyevaa ovaroli, alikuwa na sharti lake: hauzi trekta kabla hajamwona mnunuzi akibadilisha filta ya dizeli. "Nimechoka kupigiwa simu na watu wanaolia," alisema. "Anza na lile la kijani, la kawaida. Likiwaka, ndipo tuzungumze habari za jekundu."

Injinia akamkabidhi mkewe koti, akakunja mikono ya shati. Alipomaliza, dizeli ilikuwa imemfika viwikoni na kwenye nyusi. Ilipandaje huko, alijua mwenyewe. Akawasha. Trekta likakohoa, likanyamaza. Akawasha tena.

"Betri yenu imekufa."

"Niliifunga jana," akasema muuzaji.

"Basi dizeli yenu chafu."

"Ndiyo iliyonileta kazini asubuhi."

Vibarua wa yadi wakaacha kufagia, wakasogea kuangalia sinema ya bure.

Mkewe alijua. Filta imeingia, na hewa imeingia nayo, ikaziba njia ya dizeli. Pampu ya nyumbani ilifanya vivyo hivyo kila mara. Lakini akisema mbele ya watu wote hawa, atamvua mumewe jina. Akinyamaza, watarudi nyumbani mikono mitupu. Akalikunja lile koti, akalikunjua.

Injinia akainama kwenye sanduku, akatoa spana namba kumi. Spana zote ziling'aa kama za dukani. Hiyo peke yake ilikuwa imechubuka hadi namba imefutika.

"Shika yako," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi hii sijawahi kuitumia. Huwa naikuta na mafuta, naifuta tu."

 Mkewe akaipokea, akamrudishia koti, akalegeza boliti ya juu ya filta, akapampu dizeli kwa mkono mpaka mapovu ya hewa yakaisha, akakaza. Trekta likawaka mara moja.

"Chukueni la kijani," akasema muuzaji. "Na namba ya simu naandika ya mama."

"Nilimfundisha mwenyewe," Injinia akawaambia vibarua.

 Mkewe aliona nati moja imesahauliwa kwenye ngazi ya trekta. Akaiokota, akaifunga mahali pake, safari hii watu wote wakimwona.