Mstari Aliotaka Niuruke

Jarida la madaktari wa tiba ya jumla linachapwa Lilongwe, Malawi, tangu kabla sijazaliwa. Katika ukurasa wake wa mwisho daktari mmoja husimulia habari ya mgonjwa mmoja. Daktari Mbewe, niliyekuwa namtafsiria katika kliniki moja ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, alikuwa akiutamani ukurasa huo tangu chuoni. Mwaka huu walimkubalia. Sharti lilikuwa moja: mgonjwa asomewe habari yote kwa lugha yake, kisha atie sahihi.

Mgonjwa mwenyewe ni Mama Fortunée, fundi cherehani kutoka Fizi, Kongo, aliyepona kifua kikuu cha uti wa mgongo. Daktari alinikabidhi karatasi, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Huu uruke. Ni wa madaktari."

Nilimkuta Fortunée akishona mashati ya kwaya. Nikamsomea mwanzo hadi mwisho, na mstari ule pia: mgonjwa alichelewa kutibiwa kwa sababu alitegemea sala za kanisani.

Akasimamisha cherehani.

"Rudilia hapo, Charlène."

Nikarudia.

"Batu ya kanisa balikuja kuniombea wakati nilishindwa kusimama. Kabla ya hapo nilienda wapi?"

"Kliniki."

"Na nani alisema ni mashine ya kushona njo inaniumiza mugongo, nikunywe paracétamol, nirudie nyumbani?"

"Daktari Mbewe."

"Na nani alinitafsiria?"

"Mimi."

"Basi we njo shahidi yangu." Akakata uzi kwa meno. "Aandike vile ilikuwa, nitasaini na mikono yote mbili. Akikatala, habari yangu ibakie kwangu."

Nikaupeleka ujumbe huo Lilongwe, kwenye ofisi ambako daktari hukaa siku zisizo za kliniki. Aliusikiliza bila kuinua macho.

"Nikiandika hivyo wenzangu watanicheka."

"Na yeye wamcheke?"

"Yeye hatajwi jina."

"Dzaleka nzima inajua ni nani aliyepona mgongo, daktari."

"Ningepata sahihi kama ungeuruka."

Hilo lilikuwa kweli.

Jarida lilipotoka, ukurasa wa mwisho ulikuwa wa daktari mwingine, habari ya mkulima wa Mitundu aliyeumwa na nyoka. Wiki hiyohiyo kliniki ikaacha kuniita. Kisha Aline, muuguzi wetu, akapita kwangu na maneno ya daktari: nafasi yangu bado ipo, ila kwanza nimwombe radhi.

"Neno moja tu, ma chérie. Unasema pardon, unarudia kwa kazi. Unataka ukule kiburi na nsima?"

"Ugali wa kiburi hauhitaji mboga."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Nimwambie nini sasa?"

"Mwambie jarida lilitaka mgonjwa asomewe yote, nami nilisoma yote. Simwombi radhi."

"Ni leo tu, ao hata kesho?"

"Hata kesho."