Mtu Asiyeigizika

Siku ile mjinga alikuwa Rajabu, wala mwenyewe hakatai. Ukimkuta leo barazani kwake, mtaa wa Mtawanya, ukamuuliza, atakwambia bila kuzunguka: "Nilikuwa mjinga, tena mjinga wa kujiandaa, maana nilifanya mazoezi mbele ya kioo." Ujinga wa bahati mbaya watu huusamehe upesi. Wa Rajabu ulichukua wiki nzima kuupika.

Ulianzia msibani kwa Shafii. Huyo Shafii, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kuazima baiskeli. Aliazima za mtaa mzima akazirudisha kwa zamu, na kila moja ilirudi na kiungo cha mwenzake, kengele ya huyu kwenye usukani wa yule. Alikuwa na kicheko cha kutawanya kuku, na mbuzi wake mmoja alikuwa amemwahidi kwa watu wanne. Mtu wa namna hiyo akifa, watani hawapati kazi kubwa. Siku ya tatu ya msiba, saa nne asubuhi, Bi Tatu alitoka uani amevaa koti la marehemu. Tatu ni fundi cherehani wa soko la Chikongola, Mmakua wa kuzaliwa, na kwa hiyo ni mtani wa Wamakonde wote kama Shafii na Rajabu, waliolala na walioamka. Kwetu kusini hiyo ni haki ya mtani: anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, na mfiwa hana ruhusa ya kununa. Tatu akapanda baiskeli isiyokuwepo, akapiga kengele isiyokuwepo, akamfuata shehe kwenye mkeka na kumwahidi mbuzi. Watu walicheka mpaka machozi, kisha wakakumbuka machozi yenyewe yalikuja kwa sababu gani, wakalia upya. Mjane alikuwa ameshika mbavu.

Rajabu naye alicheka. Halafu akaacha kucheka kabla ya wengine.

Maana Rajabu alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Miaka thelathini na moja alikuwa mpima mizani kwenye ghala la korosho. Gunia likipanda anasoma, likishuka anaandika. Hakuongeza, hakupunguza. Kabla yake alikuwepo mpimaji mmoja aliyekuwa na kawaida ya kuinyanyua mizani kwa goti kisirisiri ili gunia lisomeke jepesi, na hadi leo wakulima wanalisimulia lile goti, wanaliigiza wakinywa kahawa, hata watoto ambao hawakumkuta wanalijua. Goti la mwizi lilipata sifa mkoa mzima. Goti la Rajabu lilikaa mahali pake miaka thelathini na moja, na hakuna aliyeliona.

Njiani kurudi nyumbani akamuuliza mkewe, Husna.

"Mama Mwanakombo, hivi siku yangu ikifika, Tatu atanifanyaje mimi?"

Husna alifikiri. Alianza kufikiri penye geti la msikiti, akapita duka la vifaa vya ujenzi bado anafikiri, akatabasamu peke yake, akafikiri tena hadi wakaiona nyumba yao.

"Wewe ni mtu mzuri, baba Mwanakombo," alisema mwishowe.

Mtu mzuri! Rajabu aliingia ndani kama aliyepigwa. Hata godoro huitwa zuri. Miaka arobaini ya ndoa, na mwanamke anatembea robo saa akitafuta kitu cha kumsemea mumewe, anaambulia neno ambalo ungeweza kumwambia fundi bomba.

Tangu hapo hakupata raha. Alikuwa na miaka sitini na minne, amekwisha kufanyiwa upasuaji wa ngiri, na swali lilimfuata mpaka shambani: kama mtu hana hata cha kuigizwa, je, alikuwepo kweli? Mwenye dhambi zake ana watu wa kumlaumu, na ukilaumiwa unakumbukwa. Yeye aliyejizuia, ambaye kila siku alikataa kitu ambacho hakuna aliyejua kimekataliwa, anaacha nini? Ataondoka kama gunia lililopimwa likabebwa, na mizani ikarudi kwenye sifuri. Akilini alimwona Tatu amesimama katikati ya uwanja, koti lake mkononi, hajui aanzie wapi. Alimwona anasema, "Jamani, alikuwa mtu mzuri," na watu wanaitikia wakitazama kama wali umeiva.

Hilo ndilo lililomshinda. Akaamua kujitafutia kioja kabla muda haujakwisha.

Alijaribu kofia ya majani, pana kama ungo. Husna akamuuliza kama kichwa kinamuuma. Alijaribu kicheko cha marehemu Shafii, paka akahama sebuleni. Mwisho akapata kitu ambacho aliona kinamfaa mtu wa mizani: awe anapima kwa mkono. Akipewa chochote, ananyanyua kidevu, anafumba macho, anakipandisha na kukishusha kiganjani, halafu anatoa uzito kama hakimu anayesoma hukumu. Alijifunzia mbele ya kioo kwa mfuko wa unga. Mara nyingi alikosea, lakini kwa sura alipendeza sana.

Jumamosi akaenda Chikongola, kwa kuwa Chikongola ndiko iliko baraza ya Tatu, na kioja ambacho Tatu hajakiona ni kazi bure. Mbele ya baraza hiyo kuna Petro, mtu wa Songea, anayeuza vitunguu. Mama mmoja alikuwa anapokea kilo yake. Rajabu akatupa jicho kwenye cherehani, akahakikisha Tatu amenyanyua uso, akauchukua ule mfuko mikononi mwa yule mama. Kidevu juu. Macho akafumba.

"Kasoro robo," akatamka.

Angesema mtu mwingine yeyote, watu wangecheka. Lakini hapa shingo ziligeuka.

"Nani kasema?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Mzee Rajabu. Yule wa mizani."

"Ah, basi ni kweli."

Yule mama akamwaga vitunguu mezani. Mwingine aliyekwisha kuondoka akarudi na vyake. Wa tatu akakumbuka vya wiki iliyopita. Petro alikuwa ameishika mizani yake kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mtoto asichukuliwe.

"Mzee wangu, hii imepimwa na watu wa vipimo juzijuzi, stika hii hapa! Nimekukosea nini mimi?"

Rajabu alifumbua macho. Aliona Petro anamwonyesha kila mteja ile stika, na hapo ndipo alipojua amefanya nini. Miaka thelathini na moja hakusema uzito wa uongo hata mara moja. Ameusema leo, bure, bila hata kuhongwa.

"Jamani, nilikuwa nacheza," akasema. "Sikupima. Nilibuni."

"Anamwonea huruma kijana," wakanong'ona. "Si mnamjua alivyo!"

Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kumwamini. Sijui kama umewahi kumwona mtu anayelilia aitwe mwongo na watu wanamkatalia.

Tatu akashuka barazani, utepe wa kupimia shingoni. Aliurudisha ule mzigo kwenye mfuko, akaupeleka kwenye mizani ya muuza mchele wa jirani, akaita watu wasogee waone wenyewe. Mshale ukapanda, ukacheza, ukatulia.

"Kilo," alisema Tatu. "Na kidogo ya zawadi. Chukueni vitunguu vyenu muondoke. Huyu mzee leo jua limemwingia."

Rajabu akamshika Petro mkono, akapaza sauti mpaka upande wa samaki wakasikia: "Nimekusingizia, mwanangu. Mizani yako nzima, mbovu nilikuwa mimi. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mzee," alisema Petro akifuta uso. "Ila usinitanie hivyo tena. Wewe neno lako wanalibeba kama lilivyo."

Tatu alikuwa amekwisha rudi kwenye cherehani.

"Wewe marehemu," akaita, "njoo huku."

Rajabu akapanda, akakaa kwenye benchi la wateja, katikati ya sare za shule.

"Sasa Mmakonde, panya wa kitoweo wameisha shambani ndiyo unakuja kula riziki za watu sokoni?"

"Niache, Tatu."

"Nikuache vipi? Nimekuona unafumba macho nikadhani unakata roho. Nikasema afadhali, nina nafasi leo."

"Wewe Mmakua mdomo wako unataka mafuta kuliko hiyo cherehani," alijibu Rajabu, lakini bila nguvu, na Tatu akalisikia hilo. Akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Umepatwa na nini, mtani?"

"Nikifa utanifanya nini?"

"Nitalia."

"Baada ya kulia."

"Nitakula wali. Husna anapika wali vizuri."

"Nauliza kweli, mwenzangu." Sauti yake ilishuka. "Shafii ulimfanya saa nzima na watu hawakutosheka. Mimi je? Nimemuuliza Husna, kafikiri njia nzima hakupata kitu. Ndiyo nikatafuta hiki cha kupima kwa mkono, angalau uwe na pa kuanzia. Sitaki usimame katikati ya watu ukose la kusema. Sitaki, Tatu. Mtu aishi miaka yote hiyo, halafu iwe kama hakuna aliyepita."

Tatu akavua utepe shingoni, akautundika kwenye msumari, akasimama.

Alishuka ngazi, akaenda hatua kadhaa, akageuka. Akaanza kuja kuelekea barazani. Mbele ya ngazi akasimama, akakohoa kidogo. Hakuna aliyetoka. Akakohoa tena, akageukia ukuta, akaanza kuusoma ukuta mtupu kwa makini sana, mikono nyuma, mpaka wanawake wa humo ndani wapate nafasi ya kujitanda.

"Mzee Rajabu huyo!" alipiga kelele Petro kutoka kwenye vitunguu. "Kwangu anasoma mlango wa choo!"

Tatu hakucheka. Alichukua kikombe chake cha chai, akampa mtu asiyekuwepo. Lakini kabla ya kumpa akakizungusha, yeye akashika penye moto, mkono wa kikombe ukamwelekea mpokeaji. Akageukia pembeni, akavipuliza vidole vyake kwa siri. Muuza mchele akaguna, "Eeh, ndivyo alivyo."

Kisha akaanza kutembea kifua mbele, bwana mkubwa siku ya Idi kule ufukweni Shangani, na mkewe nyuma. Hatua sita, akainama kufunga kamba za kiatu. Hatua sita, akainama tena. Kila akiinama alichungulia kwa chini ya kwapa kama mke amekaribia.

"Na viatu vyenyewe," alisema Tatu akiwa bado ameinama, "ni makubadhi. Havina kamba tangu viumbwe."

Soko likaangua kicheko. Rajabu alitazama miguu yake. Makubadhi yalikuwa pale, hayana kamba.

"Nani kakwambia hilo la Shangani?"

"Husna. Miaka ishirini iliyopita. Akaniapisha: usimwigize mbele yake, akijua anafanya ataacha."

Rajabu akafuta macho kwa kiganja, akasingizia vumbi la sokoni. Lakini alikuwa mpima mizani, na mpima mizani hapokei mzigo bila kuusoma.

"Ndiyo yote hayo?" akauliza. "Kikohozi, kikombe na kiatu? Miaka sitini na minne, Tatu! Nilijizuia mangapi, nilikataa mangapi, na kinachobaki ni hivyo vitu vidogo? Havijazi hata kibaba."

Tatu alikaa, akavuta sare ya shule, akaweka mguu kwenye kanyagio.

"Basi kesho amka usifanye hata kimoja," alisema, "uone kama Husna hatakuwa hapa kabla ya saa mbili kuniambia nikate sanda."