Heshima Iliyokataliwa Mara Moja

Simu ilipolia, Golnar Saberi alikuwa na mikono yote miwili ndani ya unga wa mchele. Akaibana kati ya sikio na bega, na kabla haijakatwa alikuwa ameshajiharibia mambo kwa mdomo wake mwenyewe. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, na siku ile mdomo wa Golnar ulikiponza kitu alichokuwa akikitamani kimyakimya tangu alipofungua duka.

Aliyepiga alikuwa msichana wa ofisi ya halmashauri ya mji wa Las Palomas, huku Marekani, jina lake Kelsey. Akasema halmashauri imeamua mwaka huu, kuelekea Nowruz, ule mwaka mpya wetu sisi Wairani, kumtunuku mfanyabiashara mmoja mhamiaji aliyeuinua mji. Kutakuwa na cheti, picha na meya, na hadhara ya kutosha. Wajumbe wote wamemtaja yeye, mama wa vileja. Je, atakubali?

Moyo wa Golnar uliruka. Lakini ulimi wake ulilelewa Rasht, kwetu Iran, na ulimi uliolelewa Rasht hausemi ndiyo mara ya kwanza.

"La, la, mwanangu," akasema. "Mimi ni nani? Kaduka kenyewe kadogo, vileja vyenyewe vya kubahatisha. Wakubwa zangu wapo. Yuko Ardeshir agha, bwana wa hapa ng'ambo ya barabara, mtu mzima, alinitangulia kufika. Mpeni yeye. Mimi ni vumbi la miguu yake."

Sasa hapo mtu aliyefundwa kwao anajua la kufanya. Anasema, hapana, tunakutaka wewe. Golnar anakataa tena, safari hii kwa sauti laini. Anasihiwa mara ya tatu, na hapo ndipo anashusha pumzi kama aliyelazimishwa na kusema, haya basi, maana mmenishikilia. Adabu hiyo tunaiita taarof, na bila hiyo hata chai hatunywi. Ya kwanza ni heshima, ya pili ni heshima, ya tatu ndiyo kweli. Muuza duka wetu humwambia mteja, "Haina thamani kwako, chukua tu," na mteja mwenye akili timamu hulipa. Mmarekani mmoja aliwahi kuambiwa hivyo na Golnar, akashukuru kwa moyo wote, akabeba sinia zima na kutoka akipiga mluzi. Golnar alicheka mpaka akashika mbavu. Hakujua kwamba zamu yake inakuja.

"Oo, vizuri sana!" akasema Kelsey. "Asante kwa uungwana wako. Basi nampigia yeye."

Simu ikakatika.

Golnar akabaki ameinamisha shingo vilevile, anasubiri. Atapiga tena, akajiambia. Lazima apige, kwani huyu hana mama aliyemlea? Akarudi kwenye unga wake, akaumiminia samli na maji ya waridi, akasaga iliki, na mikono ikawa inakwenda yenyewe kwa furaha. Kisha akafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza: akampigia kaka yake.

Na huyu kaka mumjue. Khosrow ni daktari wa meno, anakaa juu milimani kwenye nyumba yenye nguzo. Ndiye aliyempokea Golnar alipofika mjane na binti mkononi, baada ya kuacha ualimu wa fizikia kule Rasht. Hakumnyima kitu, haki yake apewe. Lakini dada alipoanza kuoka, kaka aliona aibu. Mpaka leo wageni wake wakiuliza dada anafanya nini, huwajibu, "Alikuwa mwalimu wa fizikia." Alikuwa! Sherehe zote za nyumbani kwake watu wanakula vileja vya Golnar na kuramba vidole, na hakuna hata mmoja anayeambiwa vimetoka wapi. Golnar hukaa pale kochini na gauni lake zuri, anasikiliza mkono wake ukisifiwa kama wa marehemu.

Kwa hiyo alichokitaka si cheti. Alitaka Khosrow akae kwenye kiti, mbele za watu, asikie meya anatamka: Golnar Saberi, mwokaji. Asikie na apige makofi.

"Jumanne ijayo, kaka, ukumbi wa mji," akamwambia. "Kuna jambo letu. Vaa tai."

Kelsey hakupiga tena. Kesho yake aliyekuja ni Ardeshir mwenyewe, muuza aiskrimu ya zafarani, mzee mrefu mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri. Ukimsikiliza Ardeshir, mtaa mzima aliufundisha kazi yeye, hata waliokuja na kazi zao.

"Golnar khanum, bibi yangu, nikufie," akasema, mkono kifuani. "Wamenipigia wale wa halmashauri. Nikataka kukataa, Mungu shahidi, ila yule msichana akaniambia wewe umeshakataa. Nikasema, tukikataa wote si tutaonekana Wairani hatuna shukrani? Nikajitoa mhanga."

"Hongera, Ardeshir agha," akasema Golnar, na meno yakamuuma. "Nani mwingine anastahili?"

"Ni wewe, khanum, ni wewe. Sasa sikia, baada ya sherehe kutakuwa na chai. Nimewaambia vileja viwe vyako. Aiskrimu itayeyuka mle ukumbini."

Looo! Jina achukue yeye, sinia abebe Golnar. Na Golnar, kwa ulimi wake ule ule usiosikia la mkuu, akajibu, "Kwa macho yangu mawili, Ardeshir agha, nitavileta."

Mzee alipotoka tu, Nastaran, binti yake, akatoka jikoni. Huyu amekulia hukuhuku, ni muuguzi, na mdomo wake hauna breki.

"Mama, si upige simu useme unataka?"

"Nipige simu nijiombee sifa? Bora nimeze kaa la moto. Chema chajiuza."

"Chajiuza wapi? Wamekuletea mpaka mlangoni, umewafukuza!"

"Sikuwafukuza. Nilikataa mara moja tu."

"Mama, hawa watu wana mara moja tu. Mkataa pema, pabaya panamwita. Na mjomba je, umemwambia nini?"

Hapo Golnar akakaa juu ya gunia la sukari. Mjomba alishaahirisha wagonjwa wake. Kumwambia asije ni kumweleza kwa nini, na kumweleza kwa nini ni kumpa kicheko cha mwaka. Akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akajifuta na aproni, akaenda kuwasha tanuri. Vileja vya Jumanne havitajioka.

Na alivioka. Golnar si mtu wa kulipiza kisasi kwa kuharibu kazi yake. Vyeupe, laini, mbegu nyeusi juu, vya kuyeyuka ulimini kabla meno hayajapata habari.

Jumanne ukumbi ulifurika, nusu yake sisi. Khosrow alikuja na tai ya hariri, akaketi kando ya dada yake, akachukua karatasi ya shughuli na kuisoma. Nyuma yake kulikuwa na wagonjwa wake wawili, akawapungia.

"Ardeshir Moradi, mfanyabiashara," akasoma. Akamgeukia Golnar. "Ndiyo jambo letu hilo?"

"Ndilo."

Khosrow akashusha pumzi, na uso wake ukanyooka kama wa mtu aliyeambiwa jino halitang'olewa. "Afadhali," akanong'ona. "Njia nzima nilihofia ni wewe. Jina la baba yetu, Golnar jan, lisomwe humu na habari za keki! Afadhali sana."

Golnar akamchukulia ile karatasi, akaikunja mara nne. Afadhali? Mikono iliyoungua, miguu iliyovimba, binti aliyesomeshwa mpaka akavaa sare nyeupe, afadhali visitajwe?

Meya, mama mnene mchangamfu aitwaye Delgado, akamwita Ardeshir mbele. Akasoma, watu wakapiga makofi, akamkabidhi cheti ndani ya fremu. Ardeshir akakishika kwa mikono miwili, akasogelea kipaza sauti. Alikuwa amejiandaa, masharubu yanang'aa.

"Mheshimiwa meya, heshima hii si yangu," akaanza, akipepesa macho kwa unyenyekevu. "Mimi ni nani? Mwenyewe amekaa pale. Golnar khanum, hiki ni chako."

Watu wakaguna kwa raha. Huo ndio uungwana! Vichwa vyote vya Kiirani vikamgeukia Golnar, naye akafanya inavyopaswa, mkono kifuani, kichwa chini: "Hapana, Ardeshir agha, usinitie aibu."

Makofi. Ardeshir yakamkolea.

"Naapa kwa roho ya mama yangu, ni chako! Bila wewe mtaa wetu una nini?"

"Haiwezekani, agha. Wewe ni taji la vichwa vyetu."

Makofi tena, makubwa zaidi. Meya wa watu akawa anageuza shingo huku na huku, hajui acheke au aite mlinzi. Akasema kwa upole kwamba jina lililoandikwa kwenye cheti ni la Bwana Moradi.

Na hapo ndipo mzee alipojikwaa. Angeshukuru akashuka, mambo yangeishia pale. Lakini sifa ni kama chumvi, mwenye kuzidisha hajui mpaka aonje.

"Karatasi ni karatasi tu!" akapaza sauti, akikinyoosha kile cheti mbele, mikono yote miwili. "Golnar khanum, mbele ya watu wote hawa, nakusihi, njoo ukichukue. Ni haki yako!"

Ukumbi ukangoja jibu la tatu.

Golnar akasimama.

"Haya basi," akasema, "maana umenishikilia."

Akatembea katikati ya viti. Hakukimbia wala hakuinama. Alipofika akakishika cheti upande mmoja, na Ardeshir akawa bado ameshika upande wa pili, maana vidole vyake havikuwa vimeambiwa. Wakakivuta kidogo, huku wanatabasamu.

"Khanum," akanong'ona mzee kwa Kifarsi, jasho likimtoka, "ilikuwa taarof tu."

"Ya kwanza, ndiyo. Ya pili, ndiyo," akamnong'oneza Golnar. "Na ya tatu, agha?"

Mzee akautazama ukumbi. Mbele yake kulikuwa na nusu ya ukumbi inayojua hesabu hiyo tangu utotoni. Akaachia. Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko, wakafuata wengine, na makofi yakapigwa mpaka taa zikatikisika. Ardeshir, tumpe haki yake, alicheka pia, ingawa cheko lake lilichelewa kidogo kufika.

Meya akamwuliza Golnar kama angependa kusema maneno mawili matatu. Aliuliza mara moja, kama wanavyouliza wao.

"Ndiyo," akasema Golnar. "Ningependa."

Akakishusha kipaza sauti mpaka usawa wa mdomo wake.

"Naitwa Golnar Saberi. Mimi ni mwokaji. Zamani nilifundisha fizikia, na niliifundisha vizuri, lakini sasa naoka, na naoka vizuri zaidi. Mlinipigia simu wiki iliyopita nikasema sistahili. Nilidanganya. Nilikitaka cheti hiki siku ile ile, na nakistahili. Asanteni."

Sisi watu wake tuliduwaa. Hatujawahi kumsikia mtu mzima, mwenye heshima zake, akitamka hadharani kwamba anastahili. Nastaran alikuwa wima juu ya kiti anapiga vigelegele. Mama zetu wawili watatu wakaanza kulia bila kujua kwa nini, na mmoja wao, mke wa fundi viatu, akasema kwa nguvu, "Kweli anastahili! Uongo?"

Meya akasema sasa ni picha, na familia ije mbele. Nastaran alishafika. Golnar akatazama vitini. Khosrow alikuwa ameketi, mikono magotini, shingo nyekundu, na wale wagonjwa wake wameinama masikioni mwake wanamwuliza kitu.

"Kaka," akamwita, "njoo tupige picha."

Khosrow akainua kiganja, akatikisa kichwa kwa adabu. Hapana, hapana, mimi wa nini, pigeni tu nyie. Akaweka mkono kifuani, akasubiri aitwe tena.

Golnar akamgeukia mpiga picha, akainua kidevu, akakiweka cheti sawasawa mbele ya kifua.

"Tuko tayari," akasema.

Mpiga picha akainua kamera. Khosrow akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna aliyemsihi. Akainuka ghafla, akamkanyaga mtu, akaomba radhi, akaja mbio anafunga kifungo cha koti, na kamera ilipolia alikuwa amesimama ubavuni kwa dada yake, anahema, tai imekaa upande.

Kijana wa gazeti la mji akaja kuandika majina. Akamwuliza bwana mwenye tai yeye ni nani.

"Mimi?" akasema Khosrow. Akamtazama dada yake, naye dada hakumsaidia hata kwa jicho. "Andika, kaka yake mwokaji."