Pandisha Chakula

Kuku wakifa, mtu hulia akanyamaza. Mimi sinyamazi, na ni kwa sababu ya neno moja: pandisha.

Neno hilo ni letu wawili, mimi na mdogo wangu, tunayemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haujui likizo. Kuku wa mayai akila jua likiwa kali, chakula chenyewe humzidishia joto mwilini, na maskini hana hata jasho la kumpoza. Kwa hiyo tunawalisha alfajiri. Jua likianza kuchoma tunavuta kamba, vyombo vya chakula vinapanda juu wasivifikie, tunawaachia maji ya baridi tu. Jioni tunavishusha. Kamba zile alizifunga Chiriku mwenyewe. Majirani walipotucheka kwamba tunawatesa kuku kwa njaa, akawajibu, "Hawa angalau wana chakula cha kunyimwa!" Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Banda hilo ndilo lililotulisha tangu mume wangu aanze kuugua. Mayai yote aliyachukua mwoka mikate wa mjini. Bila yeye sina pa kushika.

Basi mume wangu akapasuliwa, ikabidi nikae naye hospitali. Nikamwachia Chiriku funguo. "Mdogo wangu, joto hili si la mchezo. Usisahau kupandisha chakula."

"Dada, unanifundisha mimi?"

Niliporudi, harufu ilinipokea mlangoni. Zaidi ya nusu ya kuku walikuwa mizoga. Waliobaki walihema midomo wazi, mabawa wameyatanua, na mayai yao yalikuwa na maganda laini, ukiyashika yanabonyea. Jua la utosi, na vyombo viko chini, vimejaa hadi vinamwagika!

Jioni Chiriku alikuja na mama, macho mekundu. "Dada, si ulisema nipandishe chakula? Nikaongeza."

"Uongeze?"

"Kwani bei ikipanda si imeongezeka?"

Mama akaniwekea mkono begani. "Mwanangu, lugha yako ya mkato ndiyo imekuponza. Mwenzio kaelewa alivyoelewa. Usimtie lawama."

Na mimi, zuzu wa kutupwa, nikaomba radhi! Haki ya Mungu, nilimshika mkono nikamwambia yaishe, asijitese.

Kesho yake nikaenda kwa mwoka mikate, anivumilie hadi nipate kuku wengine. Alikuwa anafuta unga mikononi.

"Pole sana, mama. Ila usihangaike na mimi. Mdogo wako ananiletea mayai kila asubuhi tangu ulipokwenda hospitali. Aliniambia wewe unaacha kufuga."

"Mayai ya nani?"

"Ya kwake. Si anafuga pale kwa mama yenu?"

Kumbe asubuhi, saa ya kulisha kuku wangu, mwenzangu alikuwa njiani na trei zake! Wangu walikaa na njaa hadi mchana, ndipo akaja akawajazia vyombo, wakala kwa pupa kwenye joto lile, wakafa. Hakukosea neno hata kidogo. Alitafuta baadaye neno la kujifichia, akachukua lile letu wawili. Angechukua lolote jingine, labda ningemsamehe.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama. Tangu ugonjwa uingie nyumbani kwangu sikuwa nimekanyaga pale. Nikazunguka uani, nikakuta banda jipya, kuku wamenenepa, wametulia kivulini. Ilikuwa mchana. Vyombo vyao vya chakula vilikuwa vimepandishwa juu, kamba zimekazwa barabara.

Mama akatokea na ndoo ya maji. Aliponiona akasimama.

"Mama, ulijua?"

Akaitua ndoo taratibu. "Wewe una mume. Mwenzio hana mtu."

"Mume wangu yuko kitandani, mama! Hata kuketi hawezi! Na kuku wangu je? Na jana uliponishika bega?"

"Najua, mwanangu," akasema, akatupa jicho dirishani. "Lakini punguza sauti. Kajilaza kidogo, tangu alfajiri alikuwa njiani."