Mbegu za Droo Namba Saba

Jumamosi asubuhi, baada ya kufua, mhudumu wa mochwari ya hospitali kuu alimwaga mbegu ishirini kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, akavuta kigoda, akakaa kuzitazama. Zilikuwa mbegu za mepli, mti wa nchi za baridi. Kila moja ilikuwa imekuja na bawa jembamba kama la mdudu, naye aliyakata mabawa yote kwa mkasi wa kucha. Mbegu inayozama ina kitu ndani. Inayoelea ni ganda tupu, haina haja ya kusumbua udongo. Kufikia Jumapili zilikuwa zimezama kumi na mbili.

Mbegu hizo aliletewa na mdogo wake wa kiume, fundi wa mashine ya kukata sponji katika kiwanda cha magodoro. Alizikuta chini ya kreti la vitambaa lililotoka ng'ambo, akazitia mfukoni.

"Dada, chukua," alimwambia. "Wenzako wanafuga kuku, wewe unafuga miti. Tena mifupi. Hata kivuli huwezi kuuza."

"Na wewe mwenye vidole tisa unanicheka?"

"Tisa na nusu," alisema mdogo wake, akainua mkono wa kushoto. Kidole cha shahada kilikuwa kimeishia kwenye kiungo cha pili, na kovu lake limekunjamana kama mdomo wa mfuko uliofungwa kwa kamba. Mashine ndiyo iliyokichukua, miaka miwili nyuma. Kiwanda kilimpa siku tatu za mapumziko.

Mtaani walimwita yule dada Mama Baridi, kwa sababu ya kazi yake. Dirishani kwake palikuwa na vimiti kumi na vinne vya bonsai, kila kimoja kirefu kama chupa ya soda, vimekatwa na kukunjwa kwa waya mpaka vikafanana na miti iliyoona mengi. Mepli hakuwahi kuwa nao. Mbegu ya mepli haikubali kuota mpaka idanganywe kwamba imepita kwenye majira ya baridi: siku tisini mahali penye baridi isiyogandisha, ndani ya karatasi yenye unyevu, bila kuguswa. Friji la nyumbani lilikwisha aga dunia. Umeme wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Mochwari ilikuwa na jenereta.

Basi alizigawa. Sita alizikausha na kuzihifadhi kwenye kiberiti. Sita nyingine alizifunga katika karatasi laini iliyoloweshwa, akazitia kwenye mfuko wa plastiki na kuzisukuma mwisho kabisa wa droo namba saba, iliyokuwa haitumiki sana kwa kuwa kishikio chake kilikuwa kimelegea. Ili mtu asije akaifungua na kuzivuruga, alikata kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu nene: MBOVU. ISIFUNGULIWE. Akakibandika kwa gundi ya karatasi. Msimamizi wa mochwari alipita, akasoma, akaenda kuandika vivyo hivyo kwenye kitabu chake.

Siku ya kumi na mbili, mdogo wake hakurudi nyumbani kutoka kazini.

Kiwandani walisema ametoroka kazi. Wenzake wa zamu walitazama viatu vyao. Majirani walisema kuna mwanamke, na wiki moja baadaye walikuwa wanajua hata rangi ya geti lake. Mke wa yule fundi alizunguka vituo vya polisi, alizunguka wodi zote, akafika na mochwari. Mama Baridi mwenyewe ndiye aliyemfungulia droo moja baada ya nyingine, moja mpaka sita, kisha nane mpaka kumi na mbili.

"Na hii?" wifi yake aliuliza.

"Hiyo mbovu, wifi."

Walipotoka nje alimnunulia chai, akamwambia jambo ambalo alidhani ni la kumfariji. "Wanaume wa kwetu wana miguu myepesi. Baba yetu alikuwa hivyo hivyo. Usijilaumu."

Wifi yake hakunywa ile chai.

Kwa siku tisini Mama Baridi alipiga deki asubuhi, akafuta vishikio vyote kumi na viwili kwa kitambaa chenye dawa, namba saba ikiwemo. Siku ya tisini alifungua. Mfuko ulikuwa palepale alipouacha. Karatasi ya ndani tu ndiyo ilikuwa imekunjwa vingine, kwa mikunjo minne nadhifu, jinsi mdogo wake alivyokuwa akikunja leso. Kwenye reli ya droo palikuwa na kamba fupi, ile inayofungwa kwenye dole gumba la mguu pamoja na kadi ya jina. Kadi haikuwepo. Aliitupa kamba kwenye pipa na kwenda na mbegu zake nyumbani.

Kati ya zile sita iliota moja. Ilitoa kwanza majani mawili marefu ya utotoni, kama masikio ya sungura, ambayo kila mche wa mepli huyatoa. Alingoja yanyooke, akaung'oa mche taratibu, akaukata mzizi mkuu ili usiende chini sana, akaupanda kwenye chombo kisichozidi kina cha sahani. Kisha likaja jani la kwanza la kweli.

Jani la mepli lina ncha tano kama kiganja kilichofunguliwa. Hili lilikuwa na nne na nusu. Lilifunguka kwa siku tatu, na lilipomaliza lilikuwa na kipimo cha mkono wa mtu mzima, kubwa mno kwa mche wa urefu wa kijiti cha meno, ikabidi aliegemeze kwenye kikombe. Ulikuwa mkono wa kushoto. Ncha ya shahada iliishia kwenye kiungo cha pili, na mwisho wake ulikuwa umekunjamana kama mdomo wa mfuko. Kwenye dole gumba mistari ilizunguka na kuzunguka. Katikati ya kiganja palikuwa na alama ya moto wa pasi, ya tangu utotoni. Pasi hiyo aliishika dada mtu.

Mama Baridi aliutambua. Aliweka chini chupa ya kunyunyizia maji, akaenda kunawa. Alinawa, akajifuta, akanawa tena. Jioni wifi yake alipofika na kumkuta bado amesimama kwenye karo, maji yanatiririka, alimwambia bila kugeuka, "Alikuwa namba saba. Nilikuwa napafuta kila siku."

Wifi yake aliingia chumbani. Aliona jani. Alikaa sakafuni, sio kwenye kiti kilichokuwa karibu yake, akaingiza kidole chake kwenye ile nafasi ya kidole kilichokosekana, kama alivyozoea. Jani lilijikunja kidogo na kumshika.

"Ana baridi," alisema.

Hawakulia. Wifi mtu akasema, "Hakutoroka."

"Hakutoroka."

"Nimetukanwa miezi minne, wifi. Na wewe ulikuwemo."

"Nilikuwemo."

Asubuhi Mama Baridi alimpelekea msimamizi wa mochwari ule mche, ukiwa ndani ya boksi la viatu. Msimamizi alikuwa anakula karanga. Alilitazama jani, akajifuta chumvi, akalipa mkono.

"Ndiye yeye," alisema. "Kidole hiki nakikumbuka. Walimleta usiku watu wa kiwandani, nguo zimejaa vipande vya sponji. Baada ya siku sabini na tatu wakaja kumchukua."

"Wakampeleka wapi?"

"Sasa mimi nitajuaje? Kitabu kinasema droo namba saba ni mbovu. Mtu hawezi kulala kwenye droo mbovu."

"Umeukamata mkono wake sasa hivi."

"Nimeukamata, dada yangu, sikatai. Lakini jani sio kitabu." Alimsogezea karanga. "Halafu ubovu huo uliuandika wewe. Walipoona kile kibao chako walisema hapahapa ndipo panafaa."

Wifi yake alitaka mambo mawili tu: karatasi iliyoandikwa kwamba mume wake amekufa na amefia kazini, na kuonyeshwa mahali alipozikwa, ili akae matanga kama watu wengine. Basi Jumatatu walikwenda kiwandani, yeye na Mama Baridi, na boksi la viatu.

Afisa utumishi alikuwa kijana mpole mwenye kikohozi. Alifungua faili. "Huyu ametoroka kazi. Hajagusa mashine ya mahudhurio siku mia na arobaini na moja."

Mashine yenyewe ilikuwa ukutani karibu na mlango, yenye kioo kidogo cha kuwekea dole gumba. Wifi mtu aliutoa mche kwenye boksi, akaulaza mkono wa jani vizuri, akagandamiza dole gumba kwenye kioo. Mashine ililia mlio mmoja mfupi. Taa ya kijani ikawaka. Kwenye kompyuta ya afisa ikatokea picha ya mume wake, ile yenye shati la mistari, na maneno: KARIBU KAZINI.

Afisa aliinama kusoma. Alikohoa. Alirudisha kiti nyuma, akasalimia kwa adabu upande wa mche.

"Amefika," alisema. "Amechelewa, lakini amefika."

"Amekufa," alisema wifi mtu. "Mnaona wenyewe ni mti."

"Mama, mimi naona mfanyakazi namba mia nne kumi na nane. Mashine haidanganyi, tumeinunua kwa ajili hiyo. Sasa mtu aliyeripoti kazini asubuhi hii nitamwandikiaje kifo? Nitaonekana kichaa."

"Basi futa."

"Mahudhurio hayafutiki." Alichapa barua ya onyo kwa uchelewaji, akaipiga muhuri, akampa mke aipokee kwa niaba yake, kwa sababu jani halikuweza kushika kalamu. "Na kwa kuwa hajafa, hakuna kaburi la kuwaonyesha. Hilo nadhani ni habari njema."

Mama Baridi alinyanyua boksi ili waondoke. Mlinzi wa mlangoni, mzee mwenye filimbi shingoni, alimzuia kwa kiganja.

"Huyo kashaingia zamu. Hatoki mpaka saa kumi."

"Mzee wangu, ni mche huu."

"Hata mimi nyumbani naitwa babu, lakini hapa ni mlinzi. Sheria ni sheria."

Wakauweka mche kwenye rafu ya spana, pembeni ya mashine ya kukata sponji, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa mahali pake pa kazi. Mafundi wa zamu walimsogelea mmoja mmoja, wakampa mkono. Mmoja alimwambia, "Tulikukosa, bwana," akarudi kwenye mashine. Kinga ya msumeno ilikuwa bado imeinuliwa na kufungwa pembeni kwa kipande cha waya, kama ilivyokuwa siku ile ya ajali.

Tangu siku hiyo wifi mtu humpeleka mume wake kazini saa moja na nusu asubuhi na kumfuata saa kumi. Akikosa siku tatu mfululizo ataandikwa mtoro tena, na faili litafungwa moja kwa moja. Mama Baridi alimsihi aache.

"Watakuchosha bure. Mlete dirishani kwangu, apumzike."

"Wifi, nilikaa miezi minne sijui alipo," alimjibu. "Sasa mtu akiniuliza, najua. Yuko kazini. Saa kumi anatoka."

Hakuvaa nguo za msiba. Mtu hakai matanga ya mume aliye zamu. Majirani nao waliacha habari za yule mwanamke mwenye geti, wakaanza kusema kumbe bwana mwenyewe ni mchapakazi.

Kila Ijumaa Mama Baridi huenda kwa wifi yake na mkasi mdogo kuutunza mti. Kwenye bonsai jani kubwa ni kasoro. Hupunguzwa mwaka hadi mwaka mpaka lilingane na shina. Hili hawakuthubutu kulipunguza. Majira yalipogeuka likawa jekundu, likaanguka lenyewe, na wifi mtu akalihifadhi ndani ya bahasha ya barua ya onyo, akawa analitoa kila asubuhi kuligusisha kioo cha mashine ya mahudhurio. Baada ya wiki saba shina lilitoa jani jipya. Lilifunguka kwa zamu tatu, palepale kwenye rafu. Lilikuwa na ncha tatu na nusu. Kidole cha kati nacho kilikuwa kimekatwa, na kovu lilikuwa bado bichi. Afisa utumishi aliandika kwenye kitabu cha ajali: uzembe wa mfanyakazi. Akatoa siku tatu za mapumziko.

Wiki hiyohiyo, asubuhi, Mama Baridi alikuwa anafuta vishikio. Kile kibao chake cha boksi alikwisha kukibandua zamani. Kwenye droo namba saba palikuwa na kingine, kimechapwa kwa kompyuta na kufunikwa plastiki: MBOVU. ISIFUNGULIWE.

Alifungua. Palikuwa na mwanamke, kijana bado, vipande vya sponji kwenye nywele. Kamba ilikuwa kwenye dole gumba la mguu. Kadi haikuwepo.

Alikwenda kwa msimamizi. Msimamizi alifungua kitabu, akamwonyesha mstari kwa kidole. Kitabuni hapakuwa na mtu.

Mama Baridi alirudi nyumbani wakati wa chakula cha mchana, akachukua kile kiberiti. Zilikuwa zimebaki mbegu sita. Alizitia kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, akavuta kigoda, akakaa kuzitazama. Saa yake ya chakula ilipokuwa inakwisha, nne zilikuwa zimezama. Alizifunga kwenye karatasi yenye unyevu, akarudi kazini, akaziweka miguuni pa yule mwanamke, karibu lakini bila kumgusa, na kumwomba radhi kwa usumbufu. Akaifunga droo. Akafuta kishikio. Kisha akasimama mbele ya kalenda ya ukutani na kalamu yake nene, akaanza kuhesabu siku tisini.