Kumnunia Mungu Kanisani

Kimbunga kilipoondoka kisiwani kwetu Emae, tulitoka tukakuta minazi imelala chini, mashamba ya viazi vikuu yameliwa na maji ya chumvi, na kanisa halina paa. Karibu kila mtu alipoteza nyumba. Kaltang alipoteza mwanawe wa pekee.

Kijana huyo, Kalsau, alikuwa amembeba mgongoni bibi yake, Leitau, akamfikisha salama kwenye jengo la shule. Bibi alikuwa akitetemeka kwa baridi, basi Kalsau akarudi mbio kumchukulia blanketi. Mti wa mshelisheli ulimwangukia njiani.

Kaltang alikuwa mzee wa kanisa, aliyefiwa na mkewe, mtu ambaye sala zake tulizijua kama tunavyojua sauti za wanetu. Baada ya mazishi hakukanyaga tena kanisani. Watu walimwendea na maneno yao. Mmoja akamwambia Mungu huchuma maua mazuri kwanza. Kaltang akamtazama, kisha akamuuliza, "Na wako mbona hajawachuma?" Toka hapo wageni walipungua.

Ila Leitau hakukoma. Alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, na miguu yake ilikuwa mibovu. Hata hivyo alijikokota kila siku na kipande cha laplap, chakula chetu cha kuokwa kwenye majani, alichokipika kwa ndizi za msaada, akakiweka mlangoni. Kaltang hakumsalimu.

Asubuhi moja nilikuwa nikianika mikeka uani kwangu, nyumba zetu zinapakana, nikamsikia Kaltang akisema, bila kupaza sauti, "Shangazi, usiniletee chakula. Nikikuona namwona yeye. Bora ungekufa wewe."

Nilidhani bibi ataanguka. Lakini alijishusha taratibu, akaketi kizingitini.

"Hata mimi nimemwambia Mungu hivyo hivyo," alisema. "Kila siku namwambia. Nimekula chumvi nyingi, yule mtoto hata hajaoa. Hajanijibu."

"Sasa kwa nini unaendelea kumwendea?"

"Nimwendee nani mwingine? Mimi nimemnunia, mwanangu. Siimbi. Lakini naenda kumnunia nyumbani kwake, anione. Wewe unamnunia huku mbali, atajuaje?"

Kaltang alicheka, kicheko kifupi kama kikohozi, kisha akajifunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika. Leitau hakumgusa wala hakumnyamazisha. Alikaa naye mpaka jua likapanda.

Jumapili iliyofuata waliingia kanisani pamoja, bibi kamshika mkono. Hakuna aliyegeuka kuwatazama. Nadhani sote tuliogopa kumtisha akarudi nyumbani. Tuliimba chini ya anga tupu, wao wawili wamefumba midomo. Ilipofika sala ya Bwana, Kaltang alianza nasi kwa sauti iliyokauka. Alipofika "mapenzi yako yatimizwe" alikwama. Nilikuwa nyuma yao.

Leitau akamwinamia. "Hilo niachie mimi leo," akamnong'oneza, akalisema, kwa ajili ya Kaltang na kwa ajili yake mwenyewe, huku machozi yanamtiririka. Kaltang akaendelea kwenye mkate wa kila siku.

Wengi wanapenda kusikia kwamba tangu siku ile alipona. Hakupona hivyo. Zilikuwapo Jumapili alizoliweza lile neno, na nyingine lilipomshinda, na hapo shangazi, au mimi, au yeyote aliyekaa karibu, alilisema mahali pake. Sijamsikia akisema anaelewa kwa nini. Niliwahi kumuuliza kama bado amemnunia Mungu. Alifikiri kidogo.

"Tunaongea," alisema. "Siku nyingine yeye ndiye anayenyamaza, siku nyingine mimi. Lakini simwachi, naye hajaniacha."

Msimu wa kupanda ulipofika, alilima shamba la Leitau kabla ya lake. Bibi alikaa kivulini akimkosoa namna anavyoshika jembe, naye alimjibu, na wote wawili wakabishana hadi mchana.